Ramani ya maporomoko kisiwani Ndzuwani: milima yote nyekundu, miji yote kijani. Nimekosea wapi?

BintiDomoni aliuliza:

Assalam aleikum wanajukwaa, na shikamoo kwa wakubwa.

Nasoma shahada ya uzamili hapa Dar es Salaam, upande wa ramani na mifumo ya taarifa za kijiografia. Kwetu ni Ndzuwani, Komori. Tasnifu yangu inahusu maporomoko ya ardhi nyumbani, kwa sababu kila kaskazi simu zinazotoka huko ni za namna moja: barabara imezibwa na udongo, shamba la fulani limeshuka, ukuta wa jirani umelaliwa na kilima. Kwa asiyekijua kisiwa chetu, ni kilomita za mraba 424 tu, kilele cha Ntringui kina mita 1,595, na tambarare ni ya kutafuta. Watu tumejaa. Migomba na mihogo imepanda hadi kwenye miteremko ambayo mtu hulima huku ameshikilia kisiki. Misitu ya juu imekwisha kwa sehemu kubwa, na kuni nyingi zinamalizikia kwenye matanuri ya kukeneka mafuta ya mlangilangi.

Nimetumia data ya miinuko ya Copernicus, mpango wa setilaiti wa Ulaya, yenye pikseli (vimraba vya picha) za mita 30. Nikatoa mwinamo, upande mteremko unaoelekea, umbali kutoka mtoni na kutoka barabarani. Nikaongeza aina ya mwamba, matumizi ya ardhi kutoka picha za setilaiti ya Sentinel-2, na mvua ya setilaiti ya CHIRPS. Kila tabaka nililipa uzito kwa njia ya kulinganisha mbilimbili, nikajumlisha, nikagawa rangi tano, kutoka kijani (salama) hadi nyekundu (hatari).

Ramani inapendeza macho, lakini inanisumbua. Katikati ya kisiwa kote ni nyekundu. Miji yote ya pwani ni kijani: Mutsamudu kijani, Domoni kijani. Nyumba ya bibi yangu iko pale korongo linapotokea kwenye mlima, na nyuma ya jiko lake kuna mawe makubwa kuliko gari. Bibi anasema aliyakuta yapo. Kwenye ramani yangu nyumba hiyo iko salama kabisa.

Msimamizi ameridhika, mimi bado. Je, ninahitaji data ya miinuko iliyo bora zaidi? Nibadilishe uzito? Au kuna jambo zima ambalo sijaliona?

Mjiolojia_wa_Rungwe alijibu:

Wa aleikum salaam binti, marahaba.

Hayo mawe nyuma ya jiko la bibi ndiyo data ya kwanza ya tasnifu yako, ungeanza nayo. Jiwe kubwa kuliko gari halifiki mdomoni mwa korongo kwa maji ya kawaida ya mto. Limeletwa na tope zito lililobeba kila kitu, na lililokuja mara moja laweza kuja tena.

Ramani uliyochora inajibu swali moja: ardhi inaweza kukatika wapi? Hilo ni sawa, na nyekundu ya katikati huenda haiko mbali na ukweli. Lakini watu wengi hufia kule tope linakofika, na huko mara nyingi ni ardhi nzuri, iliyolala, yenye soko na msikiti, ambayo mwinamo wake ni nyuzi tatu au nne. Ramani ya mwinamo itaipaka kijani kila siku.

Nilikuwa Katesh, mji ulio chini ya mlima Hanang hapa Tanzania, baada ya tarehe 3 Desemba 2023, na timu ya kupima. Kwa wasiojua, Hanang ni volkano ya zamani, ina mita 3,420. Siku ile mvua ilikata sehemu ya mlima huko juu, tope likashuka na mawe na magogo mpaka mjini na kijiji cha Gendabi. Waliokufa walizidi 80. Wapo walioamini kwamba mlima umelipuka, serikali ikalazimika kueleza kwamba si volkano, ni mwamba uliooza ukanyonya maji ukalegea. Nilisimama mahali pa soko nikatazama mlima: uko mbali, na njia ya kwenda kwake haichoshi mguu. Ukichora mwinamo wa pale, utapata kijani. Magogo yalikuwa yamelala hapohapo, gome limechubuka lote, na alama ya tope ukutani ilikuwa juu ya kifua changu.

Visiwani ni hivyohivyo, ila makorongo ni mafupi zaidi na muda wa kukimbia ni mdogo zaidi. Tazama Oshima, Japani, tarehe 16 Oktoba 2013. Kimbunga Wipha kilimwaga milimita 824 kwa saa 24, na katika saa moja ya usiku zilipita 120. Kilichoteleza hakikuwa mlima mzima. Lilikuwa tabaka jembamba la majivu ya volkano lililokaa juu ya lava ya kale. Likaungana na miti, likashuka hadi Motomachi, mji wa pwani. Watu 36 walikufa na 3 hawakupatikana. Au Ischia, Italia, tarehe 26 Novemba 2022: udongo ulikatika kwenye mlima Epomeo, ukapita katikati ya Casamicciola hadi baharini, wakafa watu 12. Epomeo haifiki hata mita 800. Ntringui yenu ni karibu mara mbili yake.

Kwa hiyo la kwanza, tenganisha ramani mbili: ya chanzo na ya njia. Ya chanzo unayo, tutairekebisha. Ya njia utaipata hivi. Chukua maporomoko ya zamani yanayoonekana vizuri, pima kimo kutoka kichwani hadi mwisho wa mkia, pima na urefu wa mlalo. Tuseme kimo ni mita 600 na mlalo ni mita 2,400: 600 kwa 2,400 ni 0.25, yaani pembe ya nyuzi kama 14. Fanya hivyo kwa kila moja, utapata pembe za kisiwa chako mwenyewe badala ya kuazima za Italia. Kisha kutoka kila chanzo chekundu shuka kufuata korongo hadi pembe hiyo iishe. Kumbuka, mzigo ukiwa mkubwa pembe inakuwa ndogo, maana yake linafika mbali zaidi. Zipo programu huria za kulifuatilia tope pikseli kwa pikseli, na zinafanya kazi na data yako hiyohiyo ya mita 30. Mahali korongo linapofunguka na kumwaga mzigo wake, pachore kwa mkono, usiiachie kompyuta. Hapo ndipo nyumba ya bibi ilipo.

La pili, ule uzito wako. Kulinganisha mbilimbili ni maoni yako yaliyovikwa hesabu. Ulisema mwinamo ni muhimu mara tano kuliko mwamba, na ramani ikakurudishia kauli yako kwa rangi. Ndiyo maana inafanana na ramani ya mwinamo. Unahitaji orodha ya maporomoko yaliyokwisha kutokea, ili ardhi yenyewe itoe uzito. Kazi hii inachosha na haina njia ya mkato. Fungua picha za Sentinel-2 za Mei na Juni, mawingu yakishapungua na makovu (alama za ardhi iliyokatika) bado mekundu, linganisha na za kabla ya mvua, chora kila kovu. Halafu picha za zamani zilizoko bure kwenye Google Earth. Kila kovu lichore kama umbo, chanzo mbali na mkia, usiweke nukta katikati. Ukichanganya chanzo na mkia kompyuta itajifunza kwamba tambarare zinakatika, na utaharibu yote mawili.

Ukishakuwa na orodha, hesabu ni nyepesi. Ikiwa mwinamo wa nyuzi 30 hadi 40 umechukua asilimia 20 ya kisiwa lakini umebeba asilimia 50 ya vyanzo, gawanya 50 kwa 20, unapata 2.5. Zaidi ya 1 ni hatari kuliko wastani, chini ya 1 ni nafuu. Fanya kwa kila tabaka. Unaweza baadaye kwenda kwenye mbinu za mashine kujifunza, lakini anza na hii, msimamizi na mtu wa kijijini wote wanaielewa. Na unapoipima, usichague makovu ya majaribio kwa bahati nasibu kisiwa kizima. Makovu ya jirani hufanana, utapata alama za juu za bure. Fundisha kwa mabonde ya kaskazini, pima kwa Nyumakele, upande wa kusini-mashariki. Hapo utajua kama ramani inajua kitu.

La tatu ndilo ninalolipenda, na haliko kwenye setilaiti yoyote. Visiwa vya volkano vimejengwa kwa tabaka: lava, majivu, udongo uliozaliwa juu ya majivu, kisha lava nyingine juu yake. Nenda barabara inapokata mlima, siku mbili baada ya mvua, na panga mkononi. Kwangurua ukuta wa barabara. Juu utakuta majivu meusi au ya kahawia, mepesi, yanayomumunyuka. Ukishuka kidogo unaweza kukuta mstari mwekundu kama tofali, mgumu kiasi: huo ni udongo wa zamani uliochomwa na lava iliyoupitia. Au udongo wa mfinyanzi unaoteleza kati ya vidole. Gusa juu ya mstari huo. Pakiwa na unyevu, au pakichuruzika, ujue maji yameteremka kwenye majivu yakakwama hapo, na uzito wa juu umekaa juu ya maji. Piga picha, weka futi kamba, andika unene na mahali. Vituo vichache vya namna hiyo kwenye kila aina ya mwamba vitakupa tabaka ambalo wengi waliochora ramani kama hizi hawana. Ramani ya jiolojia inakuambia "basalti", yaani mwamba wa lava nyeusi, kwa kisiwa kizima, wakati basalti mbichi na basalti iliyooza mpaka ikawa udongo wa mita 10 hazina undugu katika jambo hili.

Data bora ya miinuko ni nzuri ukiipata. Lakini si hiyo inayokukwamisha.

Mkomori_Saint_Denis aliandika:

Salaam kwenu. Mimi ni wa Ngazidja (Komoro Kuu), nilisoma Zanzibar, sasa niko Réunion, kisiwa cha Ufaransa katika Bahari ya Hindi, kwa miaka mingi. Nafanya kazi ya ujenzi wa barabara, si mtafiti, lakini mlima unaoanguka naujua kwa sababu hapa ndio mshahara wetu.

Naongezea kuhusu mvua. Dada, mvua ya CHIRPS ina pikseli za kilomita 5 hivi. Ndzuwani nzima ni pikseli kumi na kitu. Kisiwa chenye mlima hakinyeshewi hivyo. Hapa Réunion, Foc-Foc kule juu ilipata milimita 1,825 kwa saa 24 Januari 1966, na Commerson ikapata karibu mita 4 za maji kwa siku 3 Februari 2007 wakati wa kimbunga Gamède. Ni rekodi za dunia. Siku kama hizo mtu wa pwani ya magharibi anaweza kupata sehemu ndogo tu ya hayo. Vipimamvua vya viwanja vya ndege na bandarini vinakuambia habari za bandarini.

Barabara ya pwani kati ya Saint-Denis na La Possession imejengwa chini ya genge la lava, yaani ukuta mrefu wa mwamba. Machi 2006 genge lilianguka, watu wawili wakafa. Nyavu za chuma zimefungwa genge zima na bado mawe yalikuwa yakifunga barabara. Mwishowe wakajenga daraja la zaidi ya kilomita 5 ndani ya bahari, likafunguliwa 2022. Kwetu Komori hatuna fedha ya daraja baharini, ndiyo maana ramani inakuwa na thamani kubwa zaidi kwetu: kuhamisha choo, darasa au kiwanja kabla hakijajengwa ni kazi ya bei nafuu.

Jambo la pili, Maore (Mayotte), kisiwa jirani. Tope kubwa la korongo ni hatari, lakini kule watu wanakufa kwa maporomoko madogo ambayo hakuna pikseli ya mita 30 itakayoyaona. Januari 2018 huko Koungou udongo uliingia kwenye kibanda usiku ukaua mama na watoto wake wanne. Mtu anakata mlima apate kiwanja, anabakisha ukuta wa udongo mwekundu nyuma ya nyumba, mita tatu au nne, wima, hauna mfereji. Wa juu yake anafanya hivyohivyo, na maji yake ya kuogea yanaingia kwa wa chini. Tangu kimbunga Chido cha Desemba 2024 miti imelala na watu wamejenga tena palepale. Mizizi ya mti uliokufa haishiki udongo milele, inaoza, na miteremko inalegea miaka inayofuata.

Na Ngazidja kwetu ni kisa kingine kabisa, usije ukapanua ramani yako huko kwa uzito uleule. Lava ya Karthala, volkano yetu iliyo hai, ni mbichi, inakunywa maji, mito hatuna. Lakini tangu majivu ya 2005, mvua kubwa imekuwa ikiteremsha tope jeusi hadi vijijini. Aprili 2012 Vuvuni ilizama, watu wanaikumbuka hadi leo.

BintiDomoni aliandika:

Nawashukuru sana. Mwalimu wa Rungwe, jana nimeanza kuchora makovu ya upande wa mashariki, na tayari naona mikia mitatu inayofika kwenye nyumba. Ile kijani imeshanitoka moyoni.

Nina mambo mawili. Kumbukumbu rasmi za maporomoko sijazipata, ofisi niliyoandikia barua imenijibu kwamba haina. Na la pili linanitia hofu: ramani hii ikikamilika nitaionyesha vipi kijijini? Nikipaka nyekundu nyumba ya mtu aliyoijenga kwa fedha za mtoto wake aliyeko Ufaransa, nyumba ya harusi ya binti yake, nimwambie aende wapi? Kwetu nyumba ni ya mwanamke, haihamishiki kwa neno la mwanafunzi.

Mjiolojia_wa_Rungwe alijibu:

Binti, swali la pili ndilo zito, nitaanza na la kwanza kwa kuwa yanaungana.

Kumbukumbu ziko kwa watu. Chapisha picha ya setilaiti ya bonde moja, kubwa kiasi cha watu sita kuizunguka, bila rangi yoyote ya hatari juu yake. Ipeleke uwanja wa msikiti baada ya swala ya Ijumaa, na siku nyingine kwa akina mama wanaofua mtoni, kwa sababu wao ndio wanaojua mto ulibadilika rangi lini. Usiulize "maporomoko yalitokea mwaka gani". Uliza yalitokea kabla au baada ya mtoto fulani kuzaliwa, kabla au baada ya barabara, mwaka wa kimbunga gani. Uliza tope lilifika wapi, na mwambie akuonyeshe kwa kidole ukutani au kwenye mnazi. Uliza kama chemchemi iliwahi kukauka ghafla au kutoa maji machafu kabla ya mlima kushuka. Uliza milango ya nani imeanza kugoma kufunga. Kila jibu liwekee alama kwenye picha mbele yao. Ukienda na ramani iliyokwisha rangi, watakukubalia kwa adabu na hutajifunza kitu.

Ukirudi na matokeo, rangi ziwe za kitendo badala ya daraja la namba. Eneo la kwanza ni mdomo wa korongo na kingo zake, ambako tope likija hakuna ukuta wa kulizuia: hapa pasijengwe kipya, na waliopo wajue nyumba ya nani ya juu watalala usiku mvua ikizidi. Eneo la pili ni kuta zilizokatwa nyuma ya nyumba, kama alivyosema ndugu yetu wa Saint-Denis. Haya hayamo kwenye setilaiti, utayapata kwa kutembea, na mengi yana dawa: kupunguza wima, kuchimba mfereji juu ya ukuta, kuhamisha kitanda cha watoto upande wa mbele wa nyumba. La tatu ni miteremko ya mashamba huko juu, ambako suala ni miti na matuta. Mwenye nyumba ya binti yake hutamwambia ahame. Utamwambia ni usiku gani asilale chumba kipi, na hilo atalisikia.

Juu ya usiku gani, ndipo mvua inapoingia. Tafuta shule mbili au tatu za juu ya mabonde, si za pwani, uwape vipimamvua vya plastiki vya bei ndogo na daftari. Mwalimu asome kila asubuhi, na siku ya mvua kubwa asome kila saa. Kila poromoko likitokea andika mvua ya saa hiyo na ya siku tatu zilizotangulia, maana ardhi iliyokwisha kulowa hukatika kwa mvua ndogo. Msimu mmoja hautakupa kizingiti, yaani kiasi cha mvua kinachoanza kukata ardhi, lakini tasnifu yako ikiacha daftari hizo zinaendelea, atakayekuja nyuma yako atakuwa na kitu ambacho wewe hukukipata ofisini.

Anza na bonde la kwenu tu, usihangaike na kisiwa kizima kwa sasa. Ukimaliza kuchora makovu ya mashariki, weka faili hapa, vyanzo na mikia kwenye tabaka mbili tofauti, pamoja na picha za kuta za barabara. Pima pia lile jiwe la nyuma ya jiko: urefu, upana, kimo chake juu ya kitanda cha korongo, na kama yapo mengine chini yake kuelekea baharini. La mwisho kabisa kuelekea baharini ndilo ninalolitaka zaidi.

Mkomori_Saint_Denis aliandika:

Dada, nina binamu Mutsamudu, ni dereva wa lori la kokoto, barabara za milimani anazijua kona kwa kona na kila mahali panapomwaga udongo. Nitumie ujumbe wa faragha nikuunganishe naye, atakupeleka kwenye kuta za barabara za Koni na Sima ukiwa likizo.

BintiDomoni aliandika:

Nimekutumia, kaka. Narudi nyumbani mwezi ujao inshallah. Mwalimu, bibi nimempigia jioni hii: anasema mawe mengine mawili yapo chini zaidi, moja ndilo wavuvi wanalofungia ngalawa.

Mjiolojia_wa_Rungwe alijibu:

Basi tope lilifika baharini. Chora mkia wako hadi hapo, na uhesabu nyumba zote zilizo kati ya mdomo wa korongo na jiwe hilo.